Umri wa Mzee na Daftari la Serikali

Mzee wa kijijini akiulizwa umri wake, aghalabu hajibu kwa tarakimu. Atasema kwamba alikuwa akichunga mbuzi siku ilipofika habari ya kifo cha Kabaka Daudi Chwa. Au kwamba alikuwa amekwisha kuolewa Kabaka Mutesa aliporudi kutoka uhamishoni. Au kwamba mama yake alimzaa katika mwaka wa njaa. Anayeijua historia ya Buganda hatapata taabu na majibu ya namna hii. Daudi Chwa alifariki mwezi wa Novemba 1939, na Mutesa wa Pili alirudi mwezi wa Oktoba 1955. Mwaka umo ndani ya jibu. Lakini fomu ya ofisi ina visanduku vyake vya siku, mwezi na mwaka, na karani aliyeketi nyuma ya meza hana ruhusa ya kuandika humo habari za Kabaka wala za njaa.

Katika makala haya tumekusudia kuzungumza juu ya wajibu wa ofisi zilizo karibu na wazee: za kijiji, za gombolola, za wilaya. Jambo hili likijadiliwa, watu hutaja chakula, dawa, fedha na makao, nao hawakosei. Hata hivyo upo wajibu unaoyatangulia hayo yote, nao ni kumjua mzee mwenyewe, kwamba ni nani na ana miaka mingapi. Maana sheria ikisha kutamka kwamba mtu aliyetimiza umri fulani ana haki fulani, ofisi iliyo jirani naye hugeuka kuwa hakimu wa umri, ipende isipende. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo historia imelijibu kwa namna mbalimbali: je, mzigo wa kuuthibitisha umri huo ni wa mzee, au ni wa ofisi?

Tutatazama mahali pawili: Ayalandi mnamo mwaka 1909, na Uganda tangu mwaka 2011. Huenda msomaji akastaajabu kuona nchi hizi mbili zimewekwa pamoja, lakini hatukuzikutanisha kwa nguvu. Fedha za kuwasaidia wazee wa Uganda zilipoanza kutolewa, wafadhili walioshirikiana na serikali ya Uganda walikuwa Uingereza na Ayalandi, nchi zile zile ambazo miaka mia moja kabla yake ziliwahi kuhangaika na wazee wasio na cheti cha kuzaliwa.

Desturi ya kuifanya ofisi ya mahali iwajibike kwa wazee ni ya zamani katika sheria za Kiingereza. Sheria ya mwaka 1601, enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, iliagiza kila parokia iteue waangalizi wa maskini, na waangalizi hao wawatoze kodi wenye mali ili wapate kuwalisha wasiojiweza, wakiwamo wazee. Parokia ilikuwa ndogo, na mwangalizi aliwajua watu wake kwa sura na kwa ukoo. Huo ulikuwa uzuri wake, na huo huo ulikuwa ubaya wake, kwani aliyejulikana kuwa mgeni aliweza kurudishwa alikotoka ili asije akawa mzigo kwa walipa kodi wa hapo. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 1834, msaada uliambatanishwa na nyumba za kazi, ambamo maskini waliishi kwa masharti makali. Ayalandi ililetewa sheria ya namna hiyo mwaka 1838. Nchi iligawanywa katika majimbo 130 ya kuwahudumia maskini, kila jimbo na nyumba yake ya kazi. Mume na mke walioingia humo walitengwa. Mzee wa Kiayalandi aliiogopa nyumba hiyo kuliko alivyoiogopa njaa, na walikuwapo waliokubali kufa na njaa kuliko kubisha hodi mlangoni pake.

Basi sheria ya pensheni ya uzee ya mwaka 1908, iliyopitishwa bungeni David Lloyd George akiwa Waziri wa Fedha, ilikuwa jambo jipya kabisa. Mtu aliyetimiza miaka 70, ambaye pato lake kwa mwaka halikuzidi pauni 21, alistahili kulipwa shilingi 5 kila juma. Na waliozidi kidogo kiwango hicho walilipwa pungufu, hadi kufikia pauni 31 na shilingi 10, ambapo haki hiyo ilikoma. Malipo yalianza siku ya Ijumaa, tarehe 1 Januari 1909, nayo yalitolewa katika ofisi za posta. Kwetu sisi jambo hili la posta si dogo. Mzee hakulazimika tena kupita katika mlango wa aibu ili apate chakula. Aliingia pale pale walipoingia watu wengine kununua stempu, akatoa kijitabu chake, akalipwa.

Fedha zilitoka katika hazina kuu, ila hakimu alikuwa wa mahali. Mzee alichukua fomu posta. Fomu ilipelekwa kwa afisa wa pensheni, ambaye alikuwa mtumishi wa idara ya ushuru, mtu yule yule ambaye hadi jana kazi yake ilikuwa kupima pombe na kukamata magendo. Afisa huyo alimfuata mzee nyumbani, akachunguza pato lake na umri wake, kisha akaandika maoni yake. Baada ya hapo kamati ya pensheni, iliyoteuliwa na baraza la wilaya au la mji, iliketi na kuamua. Asiyeridhika, awe mzee au afisa, aliweza kukata rufani mbele ya bodi ya serikali za mitaa, ambayo kwa upande wa Ayalandi ilikuwa Dublin. Tunaomba wasomaji waukumbuke mpangilio huu, kwa kuwa tutaurudia: jicho moja la serikali kuu, jicho jingine la majirani, na mahali pa kulalamikia.

Taabu ilianza mara moja. Uandikishaji wa vizazi kwa watu wote ulikuwa umeanza Ayalandi mwaka 1864 tu. Aliyetimiza miaka 70 mwanzoni mwa 1909 alizaliwa kabla ya 1839, yaani robo karne nzima kabla ya vyeti kuwapo. Vitabu vya ubatizo vilisaidia pale vilipokuwapo, lakini makanisa mengi ya vijijini hayakuwa na vitabu vya miaka hiyo, au yalikuwa navyo vimeliwa na unyevu. Tena baadhi ya wazee wa magharibi walikuwa hawajui ila Kiayalandi, ilhali fomu na sheria zilikuwa kwa Kiingereza.

Hapo kumbukumbu ya watu ikafanya kazi ambayo karatasi haikuweza. Usiku wa tarehe 6 Januari 1839 Ayalandi ilipigwa na dhoruba kubwa, iliyong'oa mapaa na miti na kuua watu wengi, nayo ilibaki midomoni mwa watu kwa jina la Usiku wa Upepo Mkuu. Na tazama jinsi tarehe zilivyoafikiana: mstari wa miaka 70 kwa malipo ya kwanza ulikuwa tarehe 1 Januari 1839, na upepo ulivuma siku tano tu baadaye. Aliyekuwa amezaliwa kabla ya upepo alistahili, aliyezaliwa baada yake alikuwa bado. Kwa hiyo swali la umri likageuka kuwa swali la upepo. Wazee walijieleza mbele ya kamati walikuwa wapi usiku ule, paa la nani liliruka, nani aliwabeba. Imesimuliwa sana kwamba wengine walisema walikuwa wakubwa kiasi cha kuweza kushika kiazi mkononi na kukila wenyewe. Bila shaka wengine walikuwa wamehadithiwa na wazazi wao wakaifanya habari hiyo kuwa yao. Hata hivyo, aliyesimuliwa habari kama hiyo na mama yake, kwamba alikuwa amefungwa mgongoni wakati nyumba inabomoka, naye ana ushahidi wa namna yake.

Njia ya pili ilikuwa ya karatasi, nayo inapendeza kwa mtu yeyote anayejali historia. Fomu za sensa za mwaka 1841 na 1851 zilikuwa zimehifadhiwa katika nyumba ya nyaraka mjini Dublin. Mzee aliyeweza kutaja majina ya wazazi wake na kitongoji walichokaa aliweza kutafutiwa. Karani alifungua mabunda ya zamani, akaitafuta kaya, na akimkuta mtoto mwenye jina hilo ameandikwa kuwa na miaka miwili mwaka 1841, jambo likaisha. Mwaka 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ile ya nyaraka iliungua, na karibu fomu zote za sensa hizo zikateketea. Zilizosalia ni karatasi ndogo za maombi ya wazee, pamoja na majibu ya makarani. Leo Muayalandi anayetafuta habari za babu zake wa miaka ile huenda asipate chochote isipokuwa kile kilichonakiliwa kwa ajili ya pensheni ya shilingi 5.

London haikufurahi. Idadi ya waliopewa pensheni Ayalandi ilizidi makadirio, na magazeti yakaanza kuwafanyia Waayalandi mzaha kwamba wote wamezeeka kwa usiku mmoja. Uchunguzi ulifanywa upya, na wengine wakanyang'anywa walichokuwa wamekwisha kupewa. Je, walikuwapo waliodanganya? Hapana shaka walikuwapo. Si ajabu hata leo, mtu akilinganisha sensa ya 1901 na ile ya 1911, kumkuta mwanakijiji aliyezeeka zaidi ya miaka kumi na mitatu katika muda wa miaka kumi. Lakini ni kipi kati ya viwili hivyo kilichokuwa uongo? Mwaka 1901 hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuhesabu umri wake kwa uangalifu, na watu hupenda kuupunguza. Zaidi ya hayo, tangu njaa kuu ya miaka ya 1840 vijana wa Ayalandi walikuwa wakihamia Marekani na Uingereza kwa makundi. Nchi inayotoa vijana wake hubaki na wazee. Aliyekadiria kutoka London alipaswa kulifikiria hilo kabla ya kumshuku mwanamke wa Mayo.

Tuje sasa kwetu Uganda. Hapa nako ofisi ilianza kuandika majina ya watu kwa haja zake yenyewe. Mkataba wa mwaka 1900 kati ya Uingereza na Buganda uliweka kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba, na machifu ndio waliokusanya. Ngazi za utawala wa Buganda, yaani saza, gombolola na muluka, zilienezwa baadaye na Waingereza katika sehemu nyingine za nchi, na kila ngazi ilikuwa na daftari lake. Baadaye ikaja kodi ya kichwa kwa wanaume wazima, na baadaye tena kodi iliyopangwa kwa kadiri ya mapato, ambayo ilidumu hadi ilipositishwa mwaka 2005. Katika madaftari ya namna hiyo mzee aliyechakaa hakuwa na faida. Aliposamehewa kodi jina lake lilitoka katika hesabu, na mwanamke mzee aghalabu hakuwa ameingia kamwe. Daftari lilimtafuta mtu alipokuwa na nguvu ya kulipa, likamwacha alipoishiwa.

Watawala wa kikoloni walikuwa na neno la kujitetea, nalo lilirudiwa na wengi waliokuja baada yao: Mwafrika ana ukoo, na ukoo humtunza mzee wake. Sisi hatulikatai neno hilo. Ukoo ulitunza, na bado unatunza. Lakini ukoo wenyewe ulipigwa. Vijana waliondoka kwenda kutafuta kazi katika miji na mashamba makubwa, vita vilipita juu ya vijiji, na kisha ukaja ugonjwa wa UKIMWI, ambao nchini Uganda ulitambuliwa kwanza Rakai mwaka 1982. Ugonjwa huo uliondoa kizazi cha katikati. Bibi aliyetarajia kupikiwa uji na mwanawe alijikuta anawapikia uji wajukuu sita. Kuanzia hapo, kusema kwamba wazee wanatunzwa na ukoo kulikuwa ni kukosea hesabu, maana katika nyumba nyingi mzee ndiye aliyekuwa ukoo wote uliobaki.

Katiba ya mwaka 1995 iliweka miongoni mwa malengo ya taifa kwamba dola itatoa huduma ya kiasi kinachofaa kwa ajili ya ustawi na matunzo ya wazee. Sera ya taifa kuhusu wazee ilifuata mwaka 2009, na mpango wa kuwapa wazee ruzuku ya fedha ulianzishwa mwaka 2010. Malipo ya kwanza yalitolewa mwaka 2011 katika wilaya chache za majaribio. Umri uliwekwa kuwa miaka 65, ila katika Karamoja, ambako maisha ya watu ni mafupi zaidi, uliwekwa kuwa miaka 60. Kiasi kilichozoeleka baada ya marekebisho ya mwanzo kilikuwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Mwaka 2013 ikapitishwa sheria iliyounda baraza la taifa la wazee pamoja na mabaraza ya ngazi za chini, na katika uchaguzi wa mwaka 2021 wazee walipata kwa mara ya kwanza wabunge wao watano.

Lakini kazi yenyewe haikufanywa bungeni. Ilifanywa na afisa maendeleo ya jamii katika gombolola, na mkuu wa muluka, na mwenyekiti wa kijiji. Hao ndio waliotakiwa kusema fulani yumo na fulani hayumo, kumwelekeza mzee mahali gari la benki litakapofika na siku litakapofika, na kuandika jina la mtu atakayempokelea asiyeweza kutembea. Ni kazi nyingi kwa watu wachache, na sisi ambao ndugu na wanafunzi wetu wa zamani wamo katika ofisi hizo hatutaki kuwalaumu bure. Afisa mmoja asiye na pikipiki, au mwenye pikipiki isiyo na petroli, hawezi kumfikia kila ajuza aliye nyuma ya kilima.

Ugumu ulionekana waziwazi tangu mwaka 2015, mpango ulipoanza kupanuliwa katika wilaya nyingine. Fedha hazikutosha kuwalipa wote wenye miaka 65, basi ikaamuliwa kwamba katika kila gombolola walipwe wazee 100 waliowapita wenzao wote kwa umri. Mtu aliyebuni mpango huo alifikiri kwa hesabu, na kwa hesabu hakukosea. Ila alilazimisha gombolola ijue nani ni wa 100 na nani ni wa 101. Watu wawili waliokua pamoja, walioolewa msimu mmoja, wakatenganishwa na mstari, mmoja akawa na fedha na mwingine akawa na kinyongo.

Na hapa pana jambo la kustaajabisha. Kupanga watu kwa kutangulia na kufuata ni elimu ambayo vijiji vyetu vinayo kwa wingi kuliko elimu ya tarehe. Kwa Wakaramojong mwanamume huhesabiwa kwa rika lake na kwa sherehe ya asapan ambayo kwayo aliingizwa katika utu uzima. Hakuna asiyejua nani alitangulia kumchoma dume lake mkuki na nani alifuata. Miongoni mwa Waluo, na Waacholi, na Wajopadhola, majina yenyewe huhifadhi habari: Okech au Akech amezaliwa wakati wa njaa, Okoth au Akoth amezaliwa wakati wa mvua. Hata Juma wa pwani anatuambia siku yake, ingawa mwaka wake ameuficha. Palipo na jina la njaa, mtu anayezijua njaa za nchi hiyo ana pa kuanzia. Kijiji kingeweza kulijibu swali la wazee 100 kwa kikao cha alasiri moja chini ya mwembe, hadharani, kila mmoja akimsahihisha mwenzake. Kilichokosekana ni ofisi yenye ruhusa ya kulisikia jibu hilo na kuliandika.

Badala yake nguvu ilihamia kwenye kitambulisho cha taifa. Uandikishaji mkubwa wa raia ulifanywa mwaka 2014. Ulifanywa kwa haraka, foleni zikiwa ndefu, na makarani wengi walikuwa vijana. Mzee asiyejua tarehe yake alikadiriwa kwa macho, au aliandikiwa mwaka wowote ule ili foleni isogee. Wakati huo haikuonekana kuwa ni hatari, kwani kadi ilikuwa ni kadi. Lakini katika mwaka wa fedha wa 2020/21 ruzuku ilipoenezwa nchi nzima, kwa wenye miaka 80 na zaidi, orodha ilitokana na daftari hilo la kitambulisho, na lile kosa la karani wa mwaka 2014 likageuka kuwa hukumu. Mwaka 2021 mashirika mawili ya Uganda yanayotetea haki, pamoja na kituo kimoja cha chuo kikuu huko New York, yalitoa ripoti iliyoeleza jinsi wazee wasio na kadi, au wenye kadi zilizokosewa tarehe, au ambao alama za vidole vyao zilikuwa zimefutika kwa jembe na kwa uzee, walivyokosa ruzuku na hata matibabu. Wakati huo kupata kadi mpya badala ya iliyopotea kulitozwa shilingi 50,000. Mzee angehitaji ruzuku ya miezi miwili ili apate kibali cha kupokea ruzuku.

Tukilinganisha na Ayalandi, tunaona kwamba wazee wa nchi zote mbili hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Tofauti iko katika mahali shaka ilipowekwa. Kule, shaka ililetwa mbele ya kamati ya majirani; afisa wa ushuru akapinga, mzee akajibu, na Dublin ikasikiliza rufani. Mambo hayo yalikuwa na kelele nyingi na uongo kiasi, lakini mzee alikuwapo akisema. Huku, shaka ilikwisha kuamuliwa kabla mzee hajafika. Mwenyekiti wa kijiji aliyemjua tangu utotoni, na padri aliyemzika mdogo wake mwenye miaka 82, waliweza kusimama naye dirishani na kuapa, na karani akawaonyesha kioo cha kompyuta. Ofisi ya mahali ilibaki na wajibu wa kumhudumia mzee, ila ilinyimwa mamlaka ya kumjua.

Wako watakaotujibu kwamba mamlaka hayo yakirudishwa vijijini, mwenyekiti atawazeesha shangazi zake. Ni kweli, na historia ya parokia za Kiingereza inatuonya kwamba ujirani unaweza kuwa mkatili au mpendeleo. Ndiyo maana tuliwaomba wasomaji waukumbuke ule mpangilio wa mwaka 1909. Majirani hawakuachiwa peke yao, wala afisa wa serikali kuu hakuachiwa peke yake. Kwa maoni yetu gombolola lingeweza kufanya vivyo hivyo bila gharama kubwa: kikao cha wazi kijijini, baraza la wazee lililokwisha kuundwa kwa sheria likiwa shahidi, afisa kutoka wilayani akiuliza maswali magumu, uamuzi ukaandikwa pamoja na sababu zake, na daftari la kadi likasahihishwa bila mzee kutozwa chochote. Mzigo wa kuthibitisha ungekuwa wa ofisi, kwani mwaka 1940 mtoto mchanga hakuwa na namna ya kujiandikisha mwenyewe.

Nasi walimu wa Kiswahili tunaguswa na jambo hili kwa pande mbili. Kwanza kwa upande wa lugha. Tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya nchi hii, lakini maelezo ambayo mzee husomewa ofisini mara nyingi huwa yamefasiriwa papo hapo kutoka katika Kiingereza na mtu aliye na haraka. Neno lenyewe la "umri" halieleweki kila mahali. Mahali pengine mzee huelewa upesi zaidi akiulizwa "ulizaliwa wakati gani" kuliko akiulizwa "una miaka mingapi", kwa sababu swali la kwanza linamruhusu kusimulia.

Pili, kwa upande wa historia. Yale matukio ambayo kwayo wazee hupimia maisha yao yanaweza kukusanywa na wanafunzi wa darasa lolote katika likizo moja: vita vilipoanza Septemba 1939, askari waliporudi 1945, Mutesa alipopelekwa uhamishoni Novemba 1953, bwawa la Jinja lilipofunguliwa 1954, zile mvua kubwa za 1961 hadi 1962 zilizoinua maji ya ziwa, bendera ilipopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962. Katika Acholi, Ankole na Karamoja orodha itakuwa nyingine, na kila eneo lina njaa zake, ndui zake na machifu wake. Orodha ya namna hiyo, ikinakiliwa vizuri na kubandikwa katika ofisi ya gombolola, humpa karani kitu cha kuuliza.

Ruzuku ilipoenezwa nchi nzima mwaka 2020, mstari wa miaka 80 ulipita katikati ya mwaka 1940. Kifo cha Daudi Chwa kilitokea Novemba 1939, miezi michache tu kabla ya mstari huo. Yule mzee tuliyemtaja mwanzoni, aliyekuwa akichunga mbuzi siku habari hiyo ilipofika, hakuwa mtoto mchanga wakati huo, kwani mtoto mchanga hachungi mbuzi. Mwaka 2020 alikuwa ameupita umri uliotakiwa kwa miaka sita au zaidi, na jibu alilompa karani lilitosha kulithibitisha hilo.